Maji ya Mvua Hayana Ankara, Lakini Yana Gharama

Mada kwa wananchi wa Rwamgasa, Wilaya ya Geita



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya maji yanayopimwa kwa dira na kulipiwa kwa ankara. Leo tunazungumzia maji ambayo hakuna anayeyatolea ankara: yale yanayotiririka baada ya mvua. Hayo nayo hulipiwa. Huyalipia mama ambaye kisima chake kimeingia tope, na mkulima ambaye jaruba lake limefukiwa na mchanga wa marudio. Swali ni moja: tulipe kabla ya mvua, kwa hesabu, au baada ya mvua, kwa hasara?

Hapa Rwamgasa swali hilo lina uzito wa pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo hili lilichunguzwa katika mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na UNIDO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, kwa kuwa wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu. Zebaki haiozi. Hubaki katika marudio yaliyorundikwa kando ya makarasha na mialo, na mvua huikokota hadi mabondeni. Ikifika katika tope la mto, vijidudu huweza kuigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayojilimbikiza ndani ya samaki. Kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi, hakuondoi zebaki.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzuia maji ya mvua yasikutane na marudio. Mwenye mwalo achimbe mfereji wa kinga upande wa juu, na ajenge tuta upande wa chini. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa.

Jambo la pili ni kupunguza maji yanayofika mferejini. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa la mita za mraba 40, kwa mvua ya milimita 30, hutoa lita 1,200. Mapaa 100 ya namna hiyo hutoa lita 120,000. Kila tangi linalokinga maji ya paa huupunguzia mfereji mzigo. Maji hayo yafulie na yamwagilie bustani. Lakini nyumba iliyo karibu na mahali pa kuchomea dhahabu isiyatumie kwa kunywa wala kupikia, kwani mvuke wa zebaki hutua juu ya mabati.

Jambo la tatu ni fedha. Mifereji ya barabara za wilaya ni wajibu wa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Mahitaji yenu yapelekeni huko kwa maandishi kupitia serikali ya kijiji. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mmiliki wa haki ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, unaokubaliwa na halmashauri. Ombeni mfereji uingizwe katika mpango huo kabla haujapitishwa.

Kinachobaki huwa ni mchango wenu wenyewe, na hapo mnayo haki ya mlipaji. Ukidaiwa mchango wa mfereji, uliza mambo matatu: ni mkutano mkuu upi wa kijiji ulioupitisha, stakabadhi ya serikali iko wapi, na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa lini. Usiporidhika na majibu ya Mtendaji wa Kijiji, peleka malalamiko yako kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri.

Mwisho, msichange fedha za kujenga tu. Mfereji uliojaa mchanga na mifuko ni sawa na mfereji usiokuwapo. Tengeni fungu la kuuzibua kila mwaka kabla ya mvua za vuli, na mteue watu watakaowajibika kwa kazi hiyo.

Maji hufuata mkondo. Tusipouchagua sisi, yatauchagua yenyewe, na huenda yakapita mlangoni mwetu.