Mungu Hawaachi Walio Njiani
(Hotuba ya katekista kwa Wakristu na walimu wa Urambo)



Jubilei ni siku ya furaha. Lakini najua ya kuwa wengi wenu mmekuja na hofu mioyoni. Mvua haziaminiki, wagonjwa wamo nyumbani, na wazazi hawajui watoto wao watapata kazi gani. Siwakemei kwa sababu ya hofu hiyo. Nataka kuwakumbusha habari za njia ipitayo katika nchi yetu.

Wazee wetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Walichukua mizigo ya ratili 60 na zaidi, wakaenda hata Bagamoyo, mwendo wa miezi. Mpagazi alipoondoka kwake hakuiona pwani. Aliuona mgongo wa mwenzake aliyemtangulia, na mbele yao kirangozi. Jioni walizungusha boma la miiba, wakakoka moto. Hofu ilikuwako, lakini hakuna aliyekwenda peke yake.

Kwa njia hiyo walikuja wamisionari. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulitoka Bagamoyo. Kabla hawajafika Tabora, mmoja wa wakubwa wao, Padre Pascal, alikufa njiani, wenzake wakaendelea. Hapa Urambo, Daktari Southon wa wamisionari wa London alifika mwaka 1879, zamani za Mtemi Mirambo. Mwaka 1882 alikufa kwa jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Hata hivyo kazi haikufa: mwaka 1898 Wamoraviani waliipokea. Basi, tukisema kwamba Mungu huwatunza wale tu wasiopatwa na mauti, tutasema nini juu ya watu hawa?

Nami nina ushuhuda. Usiku mmoja wa masika mwanangu alishikwa na homa kali. Nilipiga magoti, lakini sala yangu ilikuwa manung'uniko: "Bwana, nafundisha watoto wa watu kila siku, mbona wangu anakufa?" Mara nikasikia hodi. Alikuwa jirani yetu, Mmoraviani, aliyesikia kilio cha mke wangu. Alileta baiskeli yake. Nikampakata mtoto, naye akatusukuma gizani, katika matope, mpaka hospitali. Mtoto akapona.

Mwaka uliofuata mtoto wa jirani yule akaugua. Tulimpeleka kwa baiskeli ile ile, nikisukuma mimi. Yeye akafa.

Mimi, mwalimu wa dini, sikuwa na neno la kumwambia. Nikakaa naye matangani, nikinyamaza. Siku ya tatu akanishika mkono, akasema, "Mwalimu, usiku ule sikuwa peke yangu. Mungu alikuwapo."

Wapendwa, kwa nini mmoja alipona na mwingine akafa, sijui. Lakini tangu siku ile nimeacha kuwaambia wafiwa, "Ni mapenzi ya Mungu," kisha nikarudi kwangu kulala. Bwana wetu mwenyewe aliogopa bustanini usiku ule, akawaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Tumaini letu ni kwamba Yeye aliyepita katika hofu hiyo na katika kaburi yu pamoja nasi njiani, na mara nyingi hutujia kwa miguu ya jirani.

Basi leo, mtakapotoka hapa, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja mwenye hofu, aende akapige hodi mlangoni pake kabla jua halijachwa.

Mungu awabariki. Amina.