Kadi Yenye Chipu Katika Kompyuta ya Linux: Tukague Kabla ya Kuandika Namba ya Siri



Tunapenda kuzungumza nanyi kuhusu kosa dogo lenye gharama kubwa. Mtu anaingiza kadi yake yenye chipu ili aingie katika tovuti ya huduma, na kivinjari kinakataa. Badala ya kutafuta chanzo, anaanza kubahatisha namba ya siri: anajaribu hii, kisha ile, hadi kadi inajifunga siku ileile anapoihitaji.

Tuchukue mfano wa Estonia, ambako kadi ya kitambulisho ya namna hii ilianza kutolewa mwaka 2002. Kadi hiyo ina namba mbili za siri: moja ya kuingia katika huduma, nyingine ya kutia saini. Namba ikikosewa mara tatu mfululizo, hufungwa, na huhitaji msimbo wa PUK kuifungua.

Ukali huu una sababu. Ndani ya chipu mna ufunguo ambao hautoki kamwe. Tovuti hutuma swali, chipu hulitia saini humo humo, na jibu pekee ndilo linalorudi. Namba ya siri ni ruhusa ya mwenye kadi kwa chipu yake. Kwa hiyo makosa mengine yote ya usanidi yanaweza kurudiwa bila hasara, lakini majaribio ya namba ya siri yana hesabu.

Ndiyo maana tunashauri ukaguzi uanzie chini, hatua kwa hatua.

Kwanza, kisomaji kadi. Katika Debian na Ubuntu, sakinisha vifurushi vya pcscd, pcsc-tools na opensc kutoka hazina rasmi ya mfumo. Chomeka kisomaji, ingiza kadi, kisha andika amri pcsc_scan. Ikiwa kisomaji au kadi haionekani, tatizo liko hapo, wala si kwenye kivinjari.

Pili, moduli, yaani programu inayokiwezesha kivinjari kuzungumza na chipu. Amri pkcs11-tool --list-slots huonyesha iwapo OpenSC inaitambua kadi yako. Baadhi ya kadi huhitaji moduli ya mtoaji wake. Ipate kwa mtoaji huyo tu. Amri zote mbili hazihitaji namba ya siri.

Tatu, kivinjari. Katika Firefox, fungua mipangilio, ingia sehemu ya faragha na usalama, kisha vifaa vya usalama, na upakie faili la opensc-pkcs11.so. Chrome na Chromium hutumia orodha iliyomo katika folda ya .pki/nssdb ya mtumiaji; moduli huongezwa humo kwa amri ya modutil, inayopatikana katika kifurushi cha libnss3-tools, kivinjari kikiwa kimefungwa. Kumbuka pia kwamba kivinjari kilichosakinishwa kwa Snap au Flatpak hufanya kazi ndani ya uzio, na huenda kisiifikie moduli hata kama hatua za awali zimefaulu.

Baada ya hayo, fungua tovuti. Kivinjari kikikuonyesha cheti chako, soma jina lililomo, uhakikishe namba inayoombwa ni ipi, ndipo uiandike. Ikikataliwa mara mbili, simama. Tafuta bahasha uliyopewa pamoja na kadi, au uliza ofisi iliyoitoa. Jaribio la tatu lisiwe la kubahatisha.

Ukimaliza, toka katika huduma, funga kivinjari, kisha chomoa kadi. Fundi akikusaidia kusanidi kompyuta, mshukuru, lakini usimtajie namba yako: kazi yake yote tuliyoieleza hapa inaweza kukamilika bila kuijua.