Pima Kwanza, Ndipo Utengeneze

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili nataka tuizungumze methali hiyo, siyo kwa mali ya dukani peke yake, bali kwa kila kazi tunayotaka kuiboresha. Na ili tusizungumze hewani, twendeni Kongwa, mkoani Dodoma. Wilaya hiyo moja imetupa mafundisho mawili yanayopingana kama usiku na mchana.

Fundisho la kwanza ni karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa kutazama nchi. Waliitazama kwa wiki chache tu, na sehemu kubwa waliitazama kutoka angani, ndani ya ndege. Wakaandika kwamba zaidi ya ekari milioni 3 zingeweza kulimwa karanga kwa mashine, nyingi kati ya hizo zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Lengo la mwanzo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa msimu ule zilikuwa zipatazo 7,500.

Kulikuwa na nini? Mvua za Ugogo ni chache, tena hazina ahadi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Jua likiwaka hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na karanga iliyo chini haing'oki. Vichaka vilivunja matrekta. Mapema mwaka 1951 mradi ukaachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa paundi milioni 36 hivi.

Sasa, ndugu msikilizaji, jiulize: habari ya mvua ilikuwa siri? Wagogo wameijua nchi yao miaka na miaka. Wazee walikuwa bado wanaisimulia njaa ya 1917 hadi 1920, waliyoiita Mtunya. Udongo nao ulikuwa pale pale, ukingoja kupimwa katika masika na katika kiangazi. Mabwana wale walikuwa na fedha, mashine na haraka. Walichokosa ni kipimo cha hali ilivyokuwa kabla ya kuanza.

Fundisho la pili ni macho. Katika wilaya hiyo hiyo ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ulikuwa umeenea mno. Humshika mtoto angali mdogo, humrudia mara kwa mara, na akifika utu uzima kope hugeuka ndani na kuikwaruza mboni. Wanaoumia zaidi ni akina mama, maana ndio wanaowalea watoto wenye ugonjwa. Mwisho wake ni upofu.

Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa hapa nchini na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwamo Profesa Sheila West, walifanya kazi vijijini Kongwa. Hawakuanza kwa kuhubiri usafi. Walianza kwa kuhesabu. Na mtu hawezi kuhesabu kabla hajakubaliana na wenzake anahesabu nini. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo rahisi: ligeuze kope la juu, ukiona vipele 5 au zaidi, kila kimoja kikiwa na upana wa nusu milimita au zaidi, hiyo ni trakoma iliyo hai. Uso mchafu nao ukapewa maana: tongotongo machoni, kamasi puani, au nzi usoni. Hapo wapimaji wawili wakimtazama mtoto mmoja wanaweza kutoa jibu moja.

Kisha wakachukua vijiji 6. Vyote vilipewa dawa ya macho. Katika 3 kati ya hivyo wakaongeza kampeni kubwa ya kunawisha watoto nyuso. Watoto 1,417 wa miaka 1 hadi 7 wakafuatiliwa kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika vijiji vya kampeni, uwezekano wa mtoto kukutwa na uso safi zaidi ya mara moja ulikuwa mkubwa kwa asilimia 60, na trakoma kali ilikuwa pungufu. Wangepima vijiji vya kampeni peke yake, nani angejua kama kilichosaidia ni maji au ni dawa?

Angalieni tofauti. Karanga zilianza na jibu, macho yakaanza na swali.

Somo hili si la wataalamu tu. Tuseme zahanati ya mtaani kwako inalalamikiwa kwamba wagonjwa wanangoja mno. Kamati inakutana, inanunua mabenchi, inabadilisha zamu, na baada ya miezi mitatu mwenyekiti anatangaza kuwa hali ni nzuri. Nzuri kuliko lini? Hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Basi fanyeni hivi. Chagueni jambo moja: dakika tangu mgonjwa afike hadi aonwe na mganga. Kubalianeni kufika ni wapi, mlangoni au dirishani pa kadi. Andikeni saa kwa wiki mbili, Jumatatu yenye msongamano na Ijumaa yenye nafasi, asubuhi na mchana. Msitosheke na wastani. Wagonjwa tisa wakingoja dakika 10 na mmoja akangoja saa tano, wastani utamficha yule mmoja, na huenda ndiye mama mwenye mtoto wa homa. Msiwaambie wauguzi kwamba daftari ni la kuwakamata, maana watawapa namba za kuwafurahisha. Mkishapata picha ya leo, ndipo mbadilishe. Kisha pimeni tena, kwa kipimo kile kile.

Najua kupima kunachosha. Hakukatwi utepe, wala mgeni rasmi haalikwi kuja kuzindua daftari. Lakini fedha tunazopoteza kwa kukisia ni kodi zetu, na macho yanayopofuka ni ya mama zetu. Kongwa imekwisha kulipa karo ya somo hili. Sisi tuliobaki tulisome bure.