Sauti za Nyimbo Zetu

Leo nataka kuwasimulia habari za Howard Olson, mtu aliyezipenda nyimbo za nchi yetu, na sababu ya kuzipenda kwake.

Bwana Olson alikuwa Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1922, akafariki mwaka 2010. Alifika Tanganyika mwaka 1946, akawa mmisionari wa Kilutheri. Alijifunza Kirimi, ndicho Kinyaturu cha Singida, hata mwaka 1964 akatoa kitabu juu ya matamko ya lugha hiyo na jinsi maneno yake yaundwavyo.

Basi mwenye sikio la namna hiyo hakosi kutambua upungufu wa nyimbo nyingi zilizotoka Ulaya. Kiswahili hukaza silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho. Lakini sauti za Ulaya mara nyingi hukaza silabi ya mwisho wa mstari. Mfasiri akiliweka neno "Mungu" mahali hapo, waimbaji hulazimika kuikaza "-ngu", na neno likapotoka. Jaribuni wenyewe, mtasikia.

Bwana Olson aliona kwamba dawa imo humu humu nchini. Akakusanya sauti za makabila, akazitia maneno ya Kikristo, akawahimiza wanafunzi wake wa Makumira, karibu na Arusha, watunge wenyewe. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, maana wamisionari wengi wa kwanza waliziogopa ngoma, na Wakristo wengi walikuwa wamezoea kudhani kwamba wimbo wa kanisani sharti utoke ng'ambo.

Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja wa Makumira, Bernard Kyamanywa, alitunga "Mfurahini, Haleluya". Bwana Olson akaufasiri kwa Kiingereza, nao ukaingia katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Zamani nyimbo zilitoka kwao kuja kwetu. Huu ulitoka kwetu kwenda kwao. Nyimbo za namna hiyo zilikusanywa katika kitabu kiitwacho "Tumshangilie Mungu".

Nanyi walimu na wanafunzi, msingoje mgeni aje kuwakusanyia. Nendeni kwa babu na bibi, mwaulize nyimbo za kulima, za kutwanga na za arusi. Andikeni maneno, jina la mwimbaji, kijiji na tarehe, na sauti yenyewe ishikeni kwa kuiimba pamoja naye mpaka aseme, "Ndivyo." Wimbo usiofundishwa mtu huzikwa pamoja na mwenyewe.