Jiwe la Tabaka Laweza Kuwa Mwalimu

Maneno ya hotuba kwa wazazi, walimu na wachongaji wa Tabaka, juu ya kuwafundisha watoto wadogo sayansi na uhandisi



Nimeombwa kusema juu ya jambo ambalo baadhi yenu huliona dogo, na wengine huliona gumu mno. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa kumfundisha sayansi na uhandisi mtoto wa miaka sita au saba, ambaye bado hajajua kusoma sawasawa? Jibu langu ni kwamba yafaa. Tena hapa Tabaka yafaa kuliko mahali pengi, kwa kuwa chombo cha kufundishia kiko chini ya miguu yetu.

Wazazi wengi wakisikia neno sayansi hufikiri chupa za vioo, dawa zenye harufu kali, na chumba kilichofungwa kwa kufuli. Hizo ni zana tu. Sayansi yenyewe ni kutazama kitu kwa makini, kuuliza kwa nini kiko hivyo, kujaribu, na kukubali jibu linaloonekana hata kama silo ulilolitazamia. Uhandisi nao ni kutumia maarifa hayo kutengeneza kitu kitakachofanya kazi: daraja lisianguke, paa lisivuje, bakuli lisipasuke. Mtoto huanza kazi zote mbili kabla hajafika shuleni. Huziba maji ya mvua kwa tope, huunda gari la waya, huuliza maswali mpaka mama yake achoke. Mwalimu asiyejua kazi yake humnyamazisha. Mwalimu mwema huyapa maswali yake utaratibu. Wahenga walisema: udongo upate uli maji.

Natoa mfano wa kwanza. Mwalimu na alete darasani bonge la jiwe la sabuni pamoja na beseni la maji, awaulize watoto: litaelea au litazama? Wote watasema litazama, nalo litazama, kwa maana jiwe hilo lina uzito zaidi ya mara mbili ya uzito wa maji ya kiasi kile kile. Kisha na alete bakuli la jiwe lilo hilo, la mviringo kama nusu ya chungwa, lenye upana wa sentimita 12 na ukuta wa nusu sentimita, alitue juu ya maji taratibu. Litaelea. Je, jiwe limegeuka kuwa ubao? La. Bakuli limesukuma maji kando mpaka uzito wa maji yaliyosukumwa ukalingana na uzito wa bakuli lenyewe. Bonge haliwezi kufanya hivyo, kwa kuwa halina nafasi ndani yake. Sasa watoto na watie punje za maharagwe moja moja, wahesabu ni ngapi zitakazolizamisha. Walinganishe bakuli pana na jembamba, zito na jepesi, waandike hesabu zao ubaoni. Sheria wanayoigundua ndiyo ile ile inayozibeba meli za chuma katika bandari ya Mombasa.

Mfano wa pili ni mtaimbo. Mchimbaji wa mawe ajua kwamba jiwe lisiloinuliwa na watu wawili laweza kuinuliwa na mmoja mwenye mtaimbo mrefu. Ajua kwa mkono. Mtoto na ajue kwa mkono na kwa hesabu pia. Lazeni ubao juu ya gogo, ulale sawa pande zote. Mtoto mwenye uzito wa kilo 20 akikaa umbali wa meta 2 kutoka kwenye gogo, atalingana na mwenziwe wa kilo 40 aliyekaa meta 1 upande wa pili. Mara 2 ya umbali ni nusu ya uzito. Mtoto aliyecheza mchezo huo kwa juma moja hatahitaji kukariri maana ya wenzo.

Mfano wa tatu ni wa vumbi, nao naomba msikilize kwa makini zaidi. Tieni vumbi la jiwe ndani ya chupa ya maji, muitikise, kisha muiache mezani. Chembe nene zitashuka upesi. Chembe ndogo sana zitabaki zikielea, na maji yatakuwa na ukungu kwa muda mrefu. Hewani mambo huwa vivyo hivyo. Vumbi jembamba lisiloonekana hukaa hewani muda mrefu kabla ya kutua chini. Huvutwa puani, likafika ndani kabisa ya mapafu, na huko miaka kwa miaka huleta makovu na kukosa pumzi. Ndiyo sababu fundi mwenye busara huchonga jiwe likiwa limelowa, na akina mama husugua kwa msasa ndani ya maji. Mtoto aliyeiona chupa ile kwa macho yake ataelewa kwa nini yampasa kulowesha jiwe na kufunika pua, na huenda akarudi nyumbani kumwonya baba yake. Somo hili halimpi alama tu. Laweza kumpa uhai.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni mapya, au kwamba yaliletwa jana kutoka ng'ambo. Tangu mwaka 1965 ulikuwapo Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, ulioshirikisha nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Uganda, Tanzania, Ghana na Nigeria. Walimu wa Kiafrika na wageni walikaa pamoja wakaandika vijitabu vya masomo yaliyotumia vitu vya kijijini: mchanga mkavu na mchanga wenye maji, rangi zilizotengenezwa kwa udongo na majani, mbu, na yule mdudu mdogo achimbaye kishimo mchangani ili siafu na chungu watumbukie humo. Mwanafunzi hakuambiwa mdudu yule hula nini. Aliambiwa amuulize mdudu mwenyewe, maana yake amtazame.

Bibi mmoja mtaalamu, Eleanor Duckworth, alipewa kazi ya kupima faida ya mpango huo hapa Kenya. Hakuandika mtihani wa kukariri. Aliweka vifaa mbele ya watoto, akawaacha wafanye wapendavyo, akatazama. Wale waliozoea kufundishwa kwa kushika na kujaribu walipata mawazo mengi zaidi ya kufanya, na kazi zao zilikuwa na undani kuliko za wenzao waliozoea kusikiliza tu.

Na swali la kijana laweza kufika mbali. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba huko Tanganyika, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili kutengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenziwe ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye hakumcheka bali alilijaribu jambo hilo. Mwaka 1969 wakaandika pamoja, na hata leo wataalamu wa dunia wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Basi, mwalimu akiulizwa neno asilolijua, asione haya kusema, "Sijui, twende tukajaribu."

Najua yako mashaka. Mzazi mmoja atasema: "Nimempeleka mwanangu shule asome kitabu, sasa mwanifundishia kuchezea mawe na maji." Namjibu kwamba mtaala wenyewe wadai hivyo. Tangu mwaka 2019, mtaala mpya wa Kenya umeingizwa katika madarasa ya chini, nao wataka mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, si anachokumbuka tu. Mtihani wa zamani wa kumaliza darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtoto aliyezoea kungojea jibu la ubaoni atapata taabu.

Mwingine atasema: "Mkimfundisha jiwe, mtampeleka machimboni." Hofu hiyo ni ya haki. Wako wavulana waliovutwa na fedha kidogo za machimbo wakaacha daftari, na kuta za mashimo huporomoka wakati wa mvua. Kwa hiyo nasema wazi: jiwe na liende shuleni, mtoto asiende machimboni. Wala asipewe kisu kikali au tindo. Kwa watoto wa miaka sita yatosha kupima, kulinganisha, kulowesha na kuchora. Naye akijua kwa nini ukuta wa udongo uliolowa huanguka, atakuwa na sababu zaidi ya kukaa mbali nao.

Wa tatu atasema kwamba vifaa ni ghali. Hesabuni pamoja nami: beseni, chupa, ubao, gogo, kamba, maharagwe, na vipande vya mawe vinavyotupwa kila siku. Kinachokosekana si fedha, ni mazoea.

Heshima ya Tabaka imeshafika mbali. Sanamu ya ndege wa amani, kazi ya Bwana Elkana Ong'esa wa hapa hapa, iko katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini wachongaji wengi bado huuza bakuli kwa bei anayoitaja mnunuzi. Anayejua kupima uzito wa mzigo kabla ya kuusafirisha, kutambua jiwe lenye ufa kabla ya kupoteza siku mbili juu yake, na kubuni kifaa kinachozuia vumbi, huyo ana nguvu ya kutaja bei yake mwenyewe.

Basi naomba mambo matatu. Wachongaji, wapeni walimu vipande vyenu vilivyovunjika na mabakuli yenye kasoro, na mara moja katika muhula mmoja wenu aende darasani kueleza kazi yake. Walimu, tengeni saa moja kila juma ambapo watoto watashika kabla ya kuambiwa. Wazazi, mtoto akirudi nyumbani na tope mikononi, kabla ya kumgombeza mwulizeni: "Leo mmejaribu nini, na mmeona nini?" Akiweza kuwajibu vizuri, jueni kwamba karo yenu haikupotea.