Saa 168 za Mzee Wetu

Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda mgongoni na nyongani. Hizo ni mara 12 usiku na mchana, mbali na kumwogesha, kumlisha na kumbadilisha nepi. Shika hesabu hiyo. Jijini Nairobi, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kimepita shilingi 16,000 kwa mwezi, na saa za kazi kwa kawaida ni 52 kwa wiki. Wiki nzima ina saa 168. Ukimwajiri mtu mmoja kwa haki, zinabaki saa 116, na mara nyingi saa hizo humwangukia binti au mkaza mwana aliyefunga kibanda chake sokoni, wala hakuna aliyemhesabia hasara yake. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba matunzo ya nyumbani ni ya bure. Familia inalipa tayari, ila mzigo wote ametwishwa mtu mmoja.

Wapo watakaosema hilo ni jukumu la serikali, na wana hoja. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali pia. Lakini mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mzee aliyesajiliwa, kuanzia miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani kama sehemu moja ya nane ya mshahara ule. Japani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 2000, na watu huichangia wafikapo miaka 40. Nasi tuidai bima ya namna hiyo. Hata hivyo, mama aliyelala kitandani leo hawezi kuisubiri, kwa hiyo familia yenyewe imlipe anayemtunza.

Pingamizi linalouma zaidi ni hili: kumlipa mtoto amtunze mzazi wake ni kuufanya undugu biashara. Mimi sikubali. Anayetuma pesa za dawa kutoka mjini hushukuriwa mbele ya watu. Anayeamka saa nane za usiku kumgeuza mgonjwa huambiwa anatimiza wajibu. Naye ana karo ya watoto na kodi ya nyumba. Malipo hayo si bei ya mapenzi, ni fidia ya riziki aliyoiacha.

Ndugu wasikilizaji, itisheni kikao kabla mzee hajalemewa, naye mwenyewe awepo. Andikeni nani atatoa fedha na nani atatoa saa, na huyo wa saa atalipwa kiasi gani, na atapumzika siku gani.