Mkulima wa Mboga Asiye na Chama Hana Mizani

Hotuba hii ilisemwa na Katibu wetu mbele ya wakulima na wachuuzi wa mboga na matunda, hapa Soweto, Moshi. Tunaipiga chapa yote kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mimi kwa masomo yangu ni mwalimu. Nilitoka chuo cha ualimu na chaki mkononi. Lakini leo sikuja kufundisha watoto. Nimekuja kusema na watu waamkao saa kumi ya alfajiri kupakia mboga, na wengi wenu mmenizidi umri mara mbili. Kwa hiyo nikikosea nisahihisheni.

Jambo nililoagizwa kusema ni moja: mkulima au mchuuzi wa mboga na matunda apata faida gani akiingia katika chama cha wenzake wa kazi hiyo? Najua swali hili limewagawa. Wako wasemao, tuingie. Wako wasemao, vyama tumeshaingia, ada tumetoa, na kitu hatukuona. Nitawajibu wote wawili, maana wote wawili wana haki.

Naanza na nyumbani kwetu. Mama yangu alilima nyanya huku chini tambarare, na ndizi kule juu kihambani. Siku ya soko tulishuka na matenga. Dalali alikuja, akatazama, akataja bei. Mama akikataa, dalali alikwenda zake kunywa chai. Yeye hakuwa na haraka; nyanya ndiyo iliyokuwa na haraka. Ikifika saa nane, jua kali, nyanya za chini ya tenga zimeanza kutoa maji, dalali alirudi na bei iliyo chini kuliko ile ya asubuhi. Mama aliuza. Mimi nilikuwa darasa la tano, nikafikiri mama hajui biashara. Sasa najua kwamba alijua sana. Kosa lake lilikuwa moja tu: alisimama peke yake mbele ya mtu asiye peke yake, maana madalali walikuwa wameshapatana bei yao kabla jua halijachomoza.

Ndugu zangu, hii ndiyo tofauti ya mboga na kahawa. Kahawa ikikauka vizuri yaweza kulala ghalani miezi ikingoja bei. Nyanya, mchicha, parachichi na ndizi havingoji. Kwa hiyo mkulima wa mboga ana haja ya umoja kuliko hata mkulima wa kahawa. Lakini angalieni mlima huu: ni wakulima wa kahawa waliotangulia kuungana.

Mwaka 1925 wazee wetu waliunda chama cha wapandaji, K.N.P.A. Wakati ule walowezi wengi hawakutaka Mwafrika alime kahawa kabisa. Walisema mashamba yetu yataleta magonjwa. Mtu mmoja na miche yake mia moja angejibu nini? Chama kilijibu. Mwaka 1933 ikaandikishwa K.N.C.U., nayo ndiyo ushirika mkuu wa kwanza katika nchi hii yote. Kila apitaye mjini hapa analiona jengo lake.

Lakini sitawaficha upande wa pili. Mwaka 1937 wakulima wa sehemu kadhaa za mlima huu walifanya ghasia juu ya chama hicho hicho, kwa kuwa bei ilikuwa chini na sheria iliwalazimisha kuuza kwake tu. Na mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, wakulima wasiulizwe. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mzee asemaye leo, "Mwanangu, vyama nimeviona," hasemi upuzi. Anakumbuka.

Basi tuelewane kwanza ni chama gani tunachokisema leo. Ushirika hukusanya mazao na kuyauza. Chama cha wenye kazi moja ni kitu kingine. Hakikuuzii nyanya zako, wala hakikupi mkopo. Kazi yake ni kufungua njia, kufundisha, kuonya na kusema mbele ya Serikali na mbele ya wanunuzi. Katika nchi yetu chama cha namna hiyo kwa mboga, matunda, maua na viungo ni TAHA, kilichoanzishwa mwaka 2004, na makao yake ni Arusha, kilometa kama 80 kutoka hapa. Jirani zetu wa Kenya wana chao cha wasafirishaji wa mazao haya tangu mwaka 1975. Mtu akiingia huku akitazamia kugawiwa fedha, atatoka na uchungu. Akiingia akijua kazi yake, atapata faida, nami nitazitaja nne.

Faida ya kwanza ni mizani. Wote mnaijua lumbesa. Sheria yasema gunia lisizidi kilo 100. Lakini mnunuzi huja na gunia lake, hulishonea kofia juu, na mkulima hulipwa gunia moja. Tuseme kofia ile ni kilo 30. Katika magunia kumi umempa mtu kilo 300 bure, yaani magunia matatu ya jasho lako. Wakala wa Vipimo wapo na sheria ipo. Kwa nini lumbesa haifi? Kwa sababu mkulima mmoja akikataa, mnunuzi huvuka barabara akaenda kwa jirani yake. Wakikataa wote wa kijiji, na mizani ikawekwa mahali pa kupakilia, mnunuzi ataenda wapi? Tenga la nyanya ni vivyo hivyo. Sheria bila watu walioungana ni karatasi.

Faida ya pili ni elimu inayofika kwa wakati. Tangu mwaka 2014 yule mdudu mnayemwita kantangaze ameingia katika nyanya zetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wengi wetu tulimpiga kwa dawa, tukaongeza dawa, tukachanganya dawa, naye akaizoea. Wataalamu wasema: tega mitego ya harufu, ng'oa na uteketeze mabaki ya shamba, badilisha mazao. Vema. Lakini ukifanya wewe, na jirani asifanye, kipepeo wa jirani ataruka usiku hadi kwako. Mdudu hajui mpaka wa shamba. Hapa mtu mmoja mwenye akili hashindi. Hushinda kijiji kilichopatana.

Na dawa ina jambo jingine. Mwaka 2013 nchi za Ulaya zilianza kupima mzigo mmoja katika kila kumi ya maharage mabichi na njegere kutoka Kenya, kwa sababu ya mabaki ya dawa yaliyozidi kipimo. Gharama ikapanda, mizigo ikachelewa, na walioachwa wa kwanza ni wakulima wadogo, maana mnunuzi hawezi kujua kila mmoja amepiga dawa gani na siku gani. Wakulima walio katika kikundi chenye daftari la dawa wanaweza kuonyesha daftari. Aliye peke yake anaonyesha mikono yake tu.

Faida ya tatu ni mlango wa masoko. Mwezi wa Novemba 2022 nchi yetu na China zilitia sahihi mapatano ya kuuza parachichi zetu huko. Tulishangilia. Lakini mapatano ya namna hiyo yana masharti: shamba liandikishwe, nyumba ya kufungashia iandikishwe, na mzigo uwe na cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mtu wa Kibosho mwenye miparachichi kumi na miwili kihambani atajiandikisha vipi na China? Hawezi. Watu mia mbili wenye miti kumi na miwili kila mmoja wana miti 2,400. Hilo ni shamba, na linaandikishika.

Ndivyo ilivyo pia kwa cheti kile kinachodaiwa na maduka makubwa ya Ulaya. Kuna njia ya kikundi kupewa cheti kimoja kwa pamoja, mradi kiwe na daftari, wakaguzi wake wa ndani, na adhabu kwa avunjaye masharti. Gharama isiyobebeka kwa mmoja hugawanywa kwa wengi. Lakini ole wenu mkiwa na mwenzenu achumaye parachichi changa kwa tamaa ya kuwahi bei. Tunda changa haliivi. Hunywea na kuwa kama mpira. Mnunuzi wa ng'ambo hatasema, "Fulani amenidhulumu." Atasema, "Parachichi za Tanzania ni mbaya."

Na njia ya kusafiri je? Kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro kilifunguliwa mwaka 1971, hapo kati yetu na Arusha. Hata hivyo kwa miaka mingi mboga na maua ya kaskazini yalipandishwa lori mpaka Nairobi yakapande ndege huko, na matunda mpaka Mombasa yakapande meli. Mwenye kilo 400 za maharage haiti ndege. Ndiyo maana TAHA iliunda kampuni yake ya kusafirisha, TAHAFresh, ili mizigo midogo ikusanywe iwe mkubwa.

Faida ya nne ni sauti. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Tena ikaamriwa kwamba asafirishaye mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Nauliza: wangapi kati yenu walijua hivyo siku waliposimamishwa kizuizini na ndizi zao? Mtu asiyejua sheria hulipa mara mbili. Na kila mwaka, mwezi wa Juni, bajeti husomwa. Kabla ya siku ile wenye viwanda wameshapeleka maombi yao, wenye mahoteli nao wameshapeleka. Ya mwuza mchicha wa Soweto yalipelekwa na nani?

Tazameni pia ndizi. Mwezi wa Aprili 2025 Serikali yetu ilizuia mazao kutoka Afrika Kusini na Malawi, kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa imefungia ndizi zetu miaka mingi, na Malawi nayo ilikuwa imezuia mazao yetu. Baada ya siku chache zuio letu likaondolewa ili mazungumzo yaendelee. Mambo hayo hufanywa na mawaziri. Lakini waziri huingia katika mazungumzo na hesabu za nani? Ndizi kiasi gani, zalimwa wapi, zimekaguliwa na nani? Kama wakulima wa ndizi hawana daftari, waziri hana la kuweka mezani.

Sasa niwajibu wanaoogopa. Mmoja aliniambia njiani, "Hivyo ni vyama vya matajiri wenye mashamba ya maua, sisi tutakwenda kuwapigia makofi." Hofu hiyo ina maana. Chama chenye wakubwa na wadogo, wadogo wakinyamaza, kitasema ya wakubwa. Dawa yake si kukaa nje. Dawa ni kuingia kwa kikundi, mkiwa wengi, na kumtuma mjumbe ajuaye kusoma hesabu na asiyeogopa kuuliza. Mwingine alisema, "Ada italiwa." Yaweza kuliwa. Kwa hiyo kikundi chetu kiwe na masharti tangu siku ya kwanza: kila shilingi iwe na stakabadhi, hesabu zisomwe mkutanoni kwa sauti kila miezi mitatu, na mwenye kuweka fedha asiwe ndiye mwenye kuandika daftari. Chama hakiharibiwi na mwizi peke yake; huharibiwa pia na wanachama wasiokuja mkutanoni.

Wala msiniambie kwamba sisi hatujui kazi hii. Nani aliwafundisha babu zetu mifereji? Maji ya mlima huu yaliletwa vihambani kwa mifongo iliyochimbwa na watu waliopatana: zamu ya kunywesha ilijulikana, siku ya kuzibua ilijulikana, na asiyekuja kuzibua alitozwa faini. Hakuna aliyesema, "Nitachimba mfongo wangu peke yangu toka msituni." Soko ni kama maji. Liko mbali, na halimfikii mtu mmoja na jembe lake.

Basi naomba mambo matatu tu kabla hatujatawanyika. Kwanza, wale ishirini au thelathini wanaojuana na kuaminiana waandike majina yao leo, kila mmoja na zao lake na ukubwa wa shamba lake. Pili, wachagueni wawili waende Arusha wakaulize masharti na ada, na mmoja wao awe mama, kwa maana wabebao matenga ni mama zetu. Tatu, tununue mizani moja yetu wenyewe. Hata kabla hatujaingia katika chama chochote kikubwa, mizani ile iwekwe mahali pa kupakilia, na tukubaliane kwamba hakuna gunia litakaloondoka bila kupanda juu yake.

Atakayevunja neno hili kwa kuuza lumbesa gizani asijidhani mjanja. Amemwuza mwenzake, na kesho atauzwa yeye.

Mama yangu amezeeka sasa, wala hashuki tena sokoni. Nilipomwambia ninakuja kusema nanyi, alisema, "Waambie wasiende peke yao." Nami nimewaambia.